Chaki Iliyotangulia Spana

Kanuni yake ilikuwa moja, na alikuwa ameishika miaka kumi na saba: hatii sahihi programu yoyote mpaka aende mwenyewe mahali inapotumika, tena siku ambayo hakuna anayemtarajia. Si siku ya ugeni, watu wamefua ovaroli na sakafu imepigwa deki. Siku ya kazi, kila mtu na haraka zake na uvivu wake. Wenzake ofisini walimpachika jina la Mama Kanuni wakidhani wanamtania, naye akaliitikia kama jina alilopewa na mama yake mzazi. Kwake yeye, mtu anayetia sahihi kitu asichokiona hana tofauti na shahidi aliyelala nyumbani siku ya tukio.

Alikuwa mtengeneza programu wa miaka arobaini na minne, katika ofisi ya watu saba iliyokuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Harufu ya rangi ilipanda ngazi kila asubuhi na kukaa nao kutwa nzima. Palikuwa na meza saba, ubao mweupe mmoja, na feni iliyogeukia upande mmoja tu, upande wa mkurugenzi.

Mwaka huo kampuni ya mabasi ilikuja na shida yake. Mafundi wa karakana zake walikuwa na desturi ya siku nyingi: fundi akimaliza kukagua gurudumu, huandika kwa chaki ubavuni mwa tairi. Anaandika idadi ya nati alizokaza, unene wa pedi za breki kwa milimita, na herufi ya jina lake. Jioni karani hupita na daftari, akinakili tairi moja baada ya jingine. Karani huyo alikuwa anastaafu na hakuna aliyeililia nafasi yake, kwa hiyo kampuni ilitaka taarifa ziingie kwenye kompyuta moja kwa moja.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, fundi apige picha ya tairi kwa simu, programu isome chaki. Ya pili, fundi avae kipaza sauti kichwani, aseme anachofanya, programu isikilize na kuandika. Mama Kanuni alisimama upande wa macho. Upande wa masikio alisimama mwenzake wa meza ya mkabala, mwanamume wa miaka thelathini na minane waliyemwita Redio, kwa sababu aliwaka asubuhi na hakuna aliyejua swichi ya kumzima iko wapi.

Mkurugenzi alitamka mbele ya wote kwamba njia itakayochaguliwa, mwenye nayo atakuwa mkuu wa kitengo kipya, atakayeisimamia katika karakana zote kumi na moja. Mama Kanuni alikitaka cheo hicho, wala hakuona aibu kukitaka. Watu watatu aliowafundisha kazi walikuwa wameshampita kwa cheo, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimshukuru kwa maneno mazuri wakati akipanda.

"Dada, hebu fikiria," Redio alianza, amekalia ukingo wa meza. "Fundi yuko shimoni, chini ya basi, grisi mpaka viwikoni. Wewe unamwambia atoke, ashike simu, apige picha kama yuko harusini. Mimi namwambia aseme tu. Mdomo hauna grisi."

"Wa kwako unateleza kuliko grisi," alijibu, na ofisi nzima ikacheka. "Sikiliza, kaka. Hawa watu wanaandika tayari. Miaka nenda miaka rudi wanaandika. Mimi siwafundishi jambo jipya, nasoma tu walichozoea. Wewe unataka wazungumze na mashine penye kompresa, nyundo na injini inayonguruma. Itasikia nini?"

"Itasikia."

"Basi tupime."

Walipima. Walikwenda karakana na vifaa vyao, wakakaa siku mbili. Katika kila mambo mia yaliyoandikwa, kamera ilikosea mawili. Katika kila mambo mia yaliyosemwa, sikio lilikosea kumi na mawili. Mama Kanuni aliziandika namba hizo ubaoni kwa kalamu nyekundu, akapiga mstari chini yake.

"Kelele ni uchafu," alisema. "Mimi sijengi juu ya uchafu."

Redio alikunja nyaya zake polepole. "Haya, mama. Umenipiga mweleka. Lakini umenipigia kwenye uwanja wako wa nyumbani."

Hakuna aliyemsikiliza. Kazi ikawa ya Mama Kanuni.

Aliifanya miezi mitano. Tatizo lake kubwa lilikuwa tairi chafu. Chaki juu ya tope ilivunjika, chaki juu ya grisi iliteleza, na sita ikasomeka kama sifuri. Akaifunga programu kwa ukali. Picha ikiwa na shaka yoyote, simu ililia, kioo kikawa chekundu, na maneno yakatokea: Haisomeki, futa uandike tena. Wengine wangeacha kosa moja moja lipite. Yeye hakuacha. Mwezi wa tano, kamera ilikuwa inasoma mambo tisini na tisa kwa mia, na mwandiko wa mafundi ulikuwa umenyooka hata karani mstaafu alipokuja kusalimia akauliza kama wameajiri walimu.

Alikwenda karakana mara tatu, akiwa ametoa taarifa mapema, kila mara saa nne asubuhi. Msimamizi wa karakana alimpokea getini. Matairi yaling'aa, namba zilisimama nyeupe pe juu ya mpira mweusi, na simu haikulia hata mara moja.

Jumatatu mkurugenzi alimwita. "Ijumaa tunawasilisha. Tia sahihi leo, ripoti ichapishwe."

"Bado sijaenda bila kutarajiwa."

"Umeenda mara tatu!"

"Mara tatu wamenipikia chai, bosi."

Mkurugenzi alitazama feni yake. "Mpaka Alhamisi. Baada ya hapo mimi sikujui."

Jumanne, saa moja kasorobo asubuhi, Mama Kanuni aliingia karakana kupitia lango la nyuma, lile la vyuma chakavu. Zamu ilikuwa imeanza robo saa tu. Basi moja lilikuwa juu ya shimo. Hakuna spana iliyolia, hakuna jeki iliyoinuliwa, kompresa yenyewe ilikuwa imelala. Fundi mmoja kijana wa kimo kirefu, ambaye wenzake walimwita Ngazi, alikuwa amechuchumaa mbele ya gurudumu la nyuma. Kando yake palikuwa na ndoo ya maji safi na kitambaa. Mikono yake ilikuwa misafi kama ya daktari wa meno. Alifuta tairi, akalikausha, akaandika: kumi, kumi na moja, na herufi yake. Akapiga picha. Simu ikatoa mlio wa kukubali. Akahamia tairi la pili.

"Habari za asubuhi, fundi."

Ngazi aligeuka bila hofu, akatabasamu. Hilo ndilo lililomchoma zaidi baadaye, kwamba kijana hakushtuka. "Nzuri, mama! Karibu. Leo umewahi."

"Unaandika nini?"

"Naandika za leo."

"Za leo umeshazifanya?"

"Nafanya sasa hivi, nikimaliza kuandika." Aliona uso wake, akaeleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Mashine yako, mama, haitaki uchafu. Tukishaanza kazi mikono ina grisi, tairi lina grisi, chaki inateleza. Ukipiga picha, inapiga kelele. Futa uandike, futa uandike. Tukaona tuandike kwanza, mikono ikiwa misafi. Sasa hata hailii. Umeona tisini na tisa yetu?"

Aliiona. Alikuwa ameitungia ripoti.

"Na hii kumi na moja? Umeipimaje pedi kabla ya kuipima?"

"Juzi ilikuwa kumi na mbili. Haiwezi kuwa chini ya kumi na moja."

"Ipime."

"Sasa?"

"Sasa hivi, mwanangu. Nipo."

Ngazi alishuka shimoni na taa na kipimo. Alipima mara ya kwanza, akapima tena. Alipopanda, tabasamu lilikuwa limebaki chini. "Sita," alisema.

Pedi ikiwa chini ya milimita nane, basi halitoki. Wakakagua na nati: kati ya zile kumi zilizokuwa zimeandikwa kwamba zimekazwa, mbili ziligeuka kwa nguvu ya mkono wa mwanamke asiye fundi. Basi hilo lilipangiwa kuondoka saa mbili, na kituoni chumba cha kusubiria abiria kilikuwa kimeshafunguliwa.

Mtu angependa kumlaumu Ngazi, na kuna lawama yake humo. Aliyeandika kumi na moja ambayo hakuipima amesema uongo, hata kama aliuandika vizuri. Lakini Mama Kanuni hakuwa mtu wa kuchukua fungu dogo la kosa na kumwachia mwenzake kubwa. Kabla yake, mafundi hawa walifanya kazi kisha wakaandika vibaya. Yeye ndiye aliyewafundisha kuandika vizuri kisha wafanye kazi, au wasifanye. Aliketi kwenye benchi la karakana, akafungua kompyuta yake mapajani, akaangalia saa za picha. Mwezi wa kwanza picha zilikuwa zimetawanyika kutwa nzima, asubuhi hadi alasiri. Kuanzia mwezi wa tatu, karibu zote zilipigwa kabla ya saa moja na nusu. Saa hizo zilikuwepo humo wakati wote. Hakuzitazama, kwa sababu alikuwa anajiuliza kama mashine inasoma sawasawa, wala si kama kilichoandikwa kimefanyika.

Fundi mkuu alikuja kukaa kando yake. Alikuwa mwanamume mnene, mwenye masharubu yaliyokuwa na grisi kama kila kitu chake kingine. Alikuwa amelizuia lile basi na sasa alikuwa anafuta mikono kwa hasira.

"Naweza kuikataza simu isipokee picha kabla ya saa tatu," Mama Kanuni alimwambia.

Fundi mkuu akacheka bila furaha. "Wataandika saa moja, watapiga picha saa tatu. Unawajua mafundi wewe?"

"Basi wewe ulijuaje zamani kwamba mtu amekaza?"

"Kwa sikio, mama. Tunatumia ile spana ya kupimia nguvu. Nati ikikaza vya kutosha, spana inalia tak. Shimoni tuko watano. Nikisikia tak kumi, nimetosheka, hata sigeuki. Nikisikia nane, namuuliza mwenzangu mbili amemwachia nani. Siku hizi mmetugawia simu, kila mtu kimya anabonyeza. Mimi nilidhani mashine ndiyo inayosikia."

Mama Kanuni alifunga kompyuta. Kelele aliyoiita uchafu ilikuwa ndiyo kazi yenyewe ikijieleza, na alikuwa amemshinda mwenzake kwa kuihesabu kuwa kasoro.

Alirudi ofisini kwa mkurugenzi kwanza, kwa kuwa ndio utaratibu, akamweleza yote. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo ni tatizo la nidhamu ya mafundi," alisema. "Si letu. Sisi tuliombwa programu inayosoma chaki. Inasoma?"

"Inasoma."

"Basi tia sahihi, tuwaandikie barua ya kuwashauri wasimamie watu wao."

Hoja hiyo ilikuwa na miguu ya kusimamia, na ndiyo maana ilikuwa hatari. Hoja mbovu haimpotezi mtu mwenye akili. Inayompoteza ni ile ambayo ni kweli tupu na bado inaliruhusu basi kutoka. Mama Kanuni alisema atajibu Alhamisi, akatoka, akaenda kusimama mbele ya meza ya Redio.

"Nipe kile kidude chako cha kichwani."

Redio alivua miwani. "Kipi? Kile ulichokiita kichezeo?"

"Hicho hicho."

"Kile ulichosema nikawape watoto wacheze nacho simu-simu?"

"Redio, usinitese. Nimekosea na nataka kuona nimekosea kiasi gani. Unakuja au huji?"

Redio akavaa miwani yake tena. Akavuta droo.

Jumatano waliingia shimoni wote wawili, Mama Kanuni akiwa na ovaroli ya kuazima iliyomvaa badala ya yeye kuivaa. Ngazi alivishwa kipaza sauti. Mashine ilirudia kila alichosema, naye akajibu ndiyo au hapana kabla haijaandika. Ilikosea, tena mara nyingi. Makosa kumi na moja kwa mia, na kila kosa lilirekebishwa palepale kwa kuwa fundi alilisikia kwa masikio yake. Nyuma ya kila sentensi, kwenye sauti iliyohifadhiwa, spana ililia. Mtu angeweza kuhesabu.

"Sasa," Mama Kanuni akasema, "hebu jaribu kudanganya. Sema kabla hujafanya."

Ngazi alikohoa. Spana ilikuwa bado sakafuni. "Gurudumu la mbele kulia," alianza kwa sauti ya kutangaza, "nati kumi zimeka..."

"Zimekazwa na nani?" ilisikika sauti upande wa pili wa shimo. "Malaika?"

"Mwacheni, anazikaza kwa dua!"

"Ngazi, spana iko hapa kwangu, baba. Nikupelekee?"

Shimo zima liliangua kicheko, Ngazi mwenyewe akacheka mpaka kipaza sauti kikamdondoka. Hakuweza kuimalizia sentensi. Chaki ingemruhusu, kwa sababu chaki haina mashahidi. Kusema uongo kwa sauti, mbele ya watu wanne wanaojua kazi yako, ni jambo gumu hata kwa mtu asiye mwaminifu sana, na Ngazi alikuwa mwaminifu wa kawaida, kama wengi wetu.

Jioni, nyumbani, mume wa Mama Kanuni alikuwa sebuleni akivisha kitambaa kiti cha mteja. Alikuwa mshonaji wa makochi, na alizoea kuzungumza akiwa na misumari midogo katikati ya midomo.

"Ukisema Ijumaa," alimuuliza, "anayekuwa bosi wako ni nani?"

"Redio."

Akagonga msumari mmoja. "Yule anayeongea?"

"Huyo huyo."

"Kutwa?"

"Kutwa, baba watoto."

Akagonga wa pili, akautazama kama umekaa sawa. "Na ukinyamaza?"

"Naanza mwezi ujao, kitengo changu, watu wanne. Na kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, karakana kumi na moja zinaogesha matairi."

Mume wake alitoa misumari iliyobaki mdomoni, akaiweka kwenye kisahani. "Nikivisha kitambaa kipya juu ya mbao iliyoliwa, mteja atanishukuru leo," alisema. "Wewe unajua utakachosema. Mbona unaniuliza mimi?"

"Sijakuuliza. Umeniuliza wewe."

"Kweli," alisema, akacheka. "Basi tule."

Alhamisi alimpelekea mkurugenzi karatasi ya sahihi ikiwa tupu. Mkurugenzi alipandisha sauti mpaka wauza rangi wa chini wakanyamaza. Alisema miezi mitano imekwenda na maji. Alisema ataitia sahihi mwenyewe. Mama Kanuni alimjibu kwamba ana haki hiyo, na kwamba yeye atakuwepo Ijumaa, na akiulizwa ataeleza alichokiona. Mkurugenzi aliishika karatasi hiyo, kisha akaiacha mezani bila sahihi ya mtu yeyote.

Ijumaa, mbele ya wakubwa wa kampuni ya mabasi, Mama Kanuni alisimama pale ambapo Redio alipaswa kusimama miezi mitano iliyopita, akatetea hoja ya Redio vizuri kuliko Redio mwenyewe alivyowahi kuitetea. Hakujificha nyuma ya neno "sisi". Alisema: mimi nilichagua kamera, inasoma vizuri sana, haiwezi kujua kama kilichoandikwa kimefanyika, na ukali wangu ndio uliowafundisha mafundi kuandika mapema. Akaeleza pia kwamba sikio linakosea zaidi, kwamba litachukua miezi mitatu mingine, na kwamba yeyote anayetaka namba nzuri za kuonyesha wageni abaki na kamera. Kisha akawasikilizisha dakika moja ya sauti kutoka shimoni. Tak, tak, tak. Mkuu mmoja wa kampuni alihesabu kwa vidole chini ya meza bila kujua kwamba anaonekana.

Walichagua sauti. Lile basi lilibadilishiwa pedi na likarudi barabarani Jumamosi.

Wakitoka, Redio alimshika mkono kwenye ngazi. "Dada, ile kazi si yangu. Ningekuwa mimi na tisini na tisa kwa mia mkononi, ningetia sahihi nikaenda kulala."

"Najua," alimjibu. "Ndiyo maana nitakuja kukukagua bila taarifa."

"Lakini nitakuwa bosi wako!"

"Bosi naye hukaguliwa."

Kitengo kilifunguliwa mwezi uliofuata na Redio akawa mkuu wake. Mama Kanuni alibaki kwenye meza ile ile, cheo kile kile. Programu yake ya kusoma chaki haikutumika popote. Kanuni yake ilimgharimu miezi mitano ya kazi na nafasi ya mwisho ya kupandishwa cheo katika ofisi hiyo.